Posa ya Sentensi Moja

Kanisani kwetu, mtaa wa Bel-Air, kuna nguzo nene upande wa kushoto, na nyuma ya nguzo hiyo kuna kiti. Ukikikalia, padri hakuoni, kwaya haikuoni, waumini hawakuoni, lakini wewe unauona ukuta wote wa mbele. Sijawahi kupenda mahali popote Lubumbashi kama ninavyokipenda kiti hicho. Nilikipata kwa sababu ya projekta. Kwaya ilinunua projekta ili maneno ya nyimbo yaonekane ukutani, na wakatafuta kijana anayejua vyombo. Mimi hubadilisha vioo vya simu kwenye kibanda cha mjomba wangu, basi wakasema huyu anajua vyombo. Hakuna aliyeuliza kama najua kusoma haraka.

Sijui kusoma haraka. Shule niliacha baada ya darasa la sita la msingi, na mpaka leo nasoma kwa kidole chini ya neno, nikimaliza moja ndipo nahamia la pili. Kuandika ni polepole zaidi. Kuongea mbele ya watu siwezi kabisa. Nikitazamwa na watu wengi, sauti inarudi tumboni. Kabla ya projekta nilikuwa naimba besi katika mstari wa nyuma. Nilifungua na kufunga mdomo pamoja na wenzangu, na nadhani hakuna aliyegundua kwamba hakuna kilichokuwa kinatoka.

Programu tunayotumia kuonyesha nyimbo ni ya bure. Wameitengeneza watu wanaojitolea, kila mmoja nchini kwake, na wengi hawajawahi kuonana. Yeyote anaweza kuitumia, na akiona kasoro, kuna ukurasa kwenye mtandao ambapo anaweza kuieleza. Hata mwongozo wake upo kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha vitabu, si hiki chetu cha kuchanganya na Kifaransa, ila kinaeleweka. Niliuchapisha kwa jirani mwenye mashine, nikaukunja mfukoni, nikaenda nao kanisani Jumapili ya kwanza ya projekta.

Kompyuta ilikuwa ya mwenyekiti wa kwaya, ambaye sisi sote tunamwita mama présidente. Ni mwanamke mrefu wa familia iliyotoka Kasai zamani kuja kufanya biashara. Ana duka la vitambaa, na akiingia mahali watu hukaa sawa kwenye viti bila kuambiwa. Mumewe anafanya kazi mgodini upande wa Kinsevere na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu, kwa hiyo mambo mengi ya nyumba yao huamuliwa kwa kutumiana ujumbe. Asubuhi ile alinipa kompyuta ikiwa wazi, akasema, "Usiguse kitu yangu," akaenda kusimama na masoprano.

Padri alipomaliza sala ya maungamo, nikashika karatasi. Hatua ya nne ilisema hivi: "Bonyeza kitufe cha Onyesha ili maneno ya wimbo yatokee ukutani, baada ya kufunga vitu vingine vyote vilivyo wazi kwenye kompyuta."

Nilisoma kama ninavyosoma siku zote. Bonyeza. Bonyeza nini? Kitufe cha Onyesha. Nikakitafuta, nikakiona. Kwangu mimi, karatasi ikisema bonyeza, nabonyeza. Sikujua kwamba kuna mambo mengine yanakuja nyuma yakitembea polepole. Kidole cha mkono wa kushoto kilipofika kwenye "baada ya kufunga", kile cha mkono wa kulia kilikuwa kimeshamaliza kazi.

Ukutani, juu ya altare, ikatokea picha ya mama présidente. Alikuwa amekaa saluni, amevaa nywele za bandia zenye rangi ya dhahabu, midomo ameibana mbele, jicho moja amelifumba. Chini ya picha kulikuwa na swali alilomwandikia mumewe kuhusu nywele hizo, kwa Kiswahili chetu ambacho "au" ni "ao": "Hii ao ya jana?"

Kiongozi wa kwaya alikuwa ameupa ukuta mgongo. Akainua mikono, kinanda kikaanza wimbo wa Utukufu, na waumini, ambao kwa juma zima walikuwa wametangaziwa kwamba kuanzia leo maneno yatakuwa ukutani, wakatazama ukutani. Bibi mmoja wa kiti cha mbele, mtu mwaminifu sana, akaimba kwa sauti yote, "Hii ao ya janaaa," na tuni ikakubali. Wengine wakamfuata. Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikajibu kwa upole, "Ya leo." Padri akavua miwani yake akaanza kuifuta, na aliifuta mpaka nilipofanikiwa kuuchomoa waya.

Baada ya Misa kamati ya kwaya ilinisimamisha barazani, pembeni ya kanisa.

"Weye mutoto," mama présidente akasema bila kupandisha sauti, "miye nilikukosea nini?"

"Hapana, mama présidente. Ni karatasi."

"Karatasi njo ilibonyeza?" Alitia mkazo kwenye "njo", yaani ndiyo.

"Karatasi ilisema bonyeza. Ya kufunga ilisema nyuma."

"Onyesha."

Nikampa. Akaisoma mara moja, haraka, kama wanavyosoma watu wa diploma. "Lakini imeandikwa hapa. Baada ya kufunga. Weye hauone?"

"Niliona, mama. Nilikuwa nimekwisha kubonyeza."

Mweka hazina wa kwaya, mzee mfupi mwenye maneno, akasema, "Mama, lakini tuseme ukweli, ile nywele iko muzuri."

"Nyamaza, papa."

Kisha akatoa hukumu. Jumapili ya sikukuu ya parokia, kanisa likiwa limejaa mpaka nje, mimi ndiye nitakayesimama mbele kusoma matangazo. "Yote," akasema. "Ya chorale, ya bamama, ya ndoa, ya bamarehemu. Uzoee bantu. Na projecteur tutapatia mwengine."

Sijui nilipata wapi nguvu ya kuuliza, "Mama, na kama benye kuandika hii karatasi banakubali kama iliandikwa mubaya?"

Akanitazama. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikisema sentensi ndefu kiasi hicho. "Bakikubali, unarudia ku nguzo yako. Lakini bakubali kwa maandishi."

Hivyo ndivyo kiti changu kilivyokuja kutegemea sentensi moja.

Nilimweleza mjomba kibandani. Mjomba ni kaka wa mama yangu, na ndiye msemaji wa familia. Babu alikuja mjini kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, akazaa watu wakimya, isipokuwa huyu mmoja ambaye alichukua maneno ya wote. Kila posa ya familia yetu ni yeye anayesema. Bwana harusi hukaa kimya pembeni, mjomba husimama, na kabla hajamaliza salamu chakula kinakuwa kimepoa.

Nilikuwa nimeshafungua ule ukurasa wa kasoro kwenye simu. Nilitaka kuandika kwamba hatua ya nne imekaa vibaya, basi. Mjomba akanishika mkono.

"Sikia, mwana. Unaingia mu nyumba ya bantu, haujasalimia, haujakaa, unasema 'maneno yenu iko mubaya'? Batakufukuza na mbwa."

"Mujomba, ni kompyuta. Hakuna mulango."

"Nyuma ya kompyuta kuna bantu?"

"Kuna bantu."

"Basi kuna mulango. Andika."

Alisema huku akitembea mbele ya kibanda, mikono nyuma, kwa Kiswahili chake cha siku za posa. Mimi niliandika kama ninavyoandika, kwa hiyo ilituchukua mchana wote, na wateja waliokuja na simu zao waliambiwa wangoje kwa sababu tuna mkutano. Ujumbe ulikuwa hivi: "Kwa familia yote ya programu, wazee kwa vijana. Sisi, familia ya Lubumbashi, tunawasalimu. Hatukuja kwa vita. Tulikuwa tunapita njia yetu, tukachungulia bustani yenu, tukaona ua. Ua hilo ni zuri, lakini limekaa mahali ambapo halipati jua. Tunaomba viti tukae, ndipo tuseme."

"Mujomba, ua ni nini?"

"Ua ni ile sentensi yako. Bantu ya akili bataelewa."

Jibu lilikuja kesho yake. Aliyeandika alikuwa na picha ya kikombe mahali pa uso, kwa hiyo sikujua kama ni kaka au dada, mzee au kijana. Alisema: "Habari. Asante kwa ripoti yako. Samahani, sikuelewa vizuri. Ua gani? Katika picha zetu za kuweka nyuma ya maneno hakuna ua. Je, unatumia toleo lipi la programu?"

Nilimsomea mjomba nikiwa na aibu. Yeye akajipiga paja kwa furaha.

"Umeona? 'Ua gani?' Njo vile familia ya bibi arusi inaulizaka. Banajua mila, hawa."

"Banauliza na toleo."

"Ya toleo tutaongea mbele. Tusiseme mbio. Tukisema mbio, bataona tuko na njaa." Akanisomea jibu: "Ua tunalolitaka mnalijua wenyewe. Mtutolee nje, tutalitambua."

Mwenye kikombe hakukasirika. Alituma picha kadhaa za maua, waridi, alizeti na mengine nisiyoyajua, akauliza kama ni mojawapo ya haya.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Katika posa zetu, familia ya msichana haimtoi msichana mwenyewe kwanza. Wanawafunika wenzake kwa kitenge, dada, binamu, mara nyingine hata shangazi, wanawatoa mmoja mmoja, na upande wa bwana harusi unapaswa kumkataa kila mmoja kwa adabu, bila kumvunja moyo, mpaka atoke mwenyewe. Mjomba ni bingwa wa kukataa.

"Banatoa badada kwanza," akasema, na macho yake yalikuwa na maji kidogo. "Andika: hawa wote ni wazuri na wamelelewa vizuri, lakini wetu bado yuko ndani."

Niliandika. Ningefanya nini? Siku zilikuwa zinakwenda, sikukuu ilikuwa inakaribia, na duniani kote hakukuwa na mtu hata mmoja wa programu ile aliyejua kwamba tatizo ni hatua ya nne. Mbaya zaidi, akatokea mtu mwingine kwenye ukurasa, akaandika: "Mimi naweza kuwachorea ua. Wanataka rangi gani?"

"Mwekundu," mjomba akasema bila kufikiri, kana kwamba ameulizwa rangi ya msichana.

Mama présidente alipita kibandani akitoka dukani kwake. Alisimama juani, mkoba mkononi.

"Bamekubali?"

"Bado tuko ku salamu, mama."

"Ku salamu. Tangu juma lililopita."

"Tumefika ku maua."

Akanitazama. Akamtazama mjomba, aliyekuwa amesimama na kumwinamia kama mkwe. "Matangazo ya mwaka huu iko mingi," akasema, akaenda zake.

Usiku wangu ulianza kuwa mbaya. Nilikuwa naota nimesimama mbele ya kanisa, karatasi mkononi, kidole chini ya neno la kwanza, na watu wanazeeka wakingoja neno la pili.

Kisha mjomba akaondoka. Huwa anaenda Kasomeno kununua samaki wakavu wanaotoka upande wa Kasenga, na akiwa huko simu yake hufungwa ili betri isiishe. Kabla ya kupanda gari alinionya, "Musemaji ni mumoja. Ata bakikuuliza jina yako, ungoje nirudie."

Kesho yake mwenye kikombe akaandika: "Ua jekundu limekamilika, litakuwamo katika toleo jipya. Tunashukuru kwa uvumilivu wenu. Kama hakuna kitu kingine, tutafunga ombi hili leo."

Leo. Nilipiga simu ya mjomba. Imefungwa. Nikapiga tena, nikaona upumbavu wa kuendelea kupiga. Wangefunga ombi, sisi tungebaki na ua, na mimi ningesimama mbele na matangazo.

Nilifunga mlango wa kibanda nusu, nikakaa chini mahali ambapo wapita njia hawanioni. Nilifuta nilichoandika mara nyingi. Kila mara nilianza na salamu, na kila mara salamu zilianza kuota majani. Mwisho niliandika tu kilichotokea, kwa mpangilio uleule kilivyotokea:

"Mimi ndiye kijana wa projekta. Ua lilikuwa maneno ya mjomba. Tatizo ni hatua ya nne ya mwongozo. Inasema bonyeza, halafu nyuma inasema baada ya kufunga. Mimi nasoma polepole na nafanya ninaposoma. Nilibonyeza kabla sijafika kwenye kufunga, na kanisa lote likaona picha ya mama mmoja. Tafadhali mseme kufunga kwanza. Mnaweza kuandika hivi: Kwanza funga kila kitu kilicho wazi kwenye kompyuta. Kisha bonyeza kitufe cha Onyesha."

Nilibonyeza kutuma, nikaiweka simu kifudifudi sakafuni kama kitu kinachoweza kuuma.

Jibu halikuchelewa. "Kumbe ndilo hilo. Umesema kweli, sentensi yetu iliandikwa vibaya. La kufanya kwanza lilipaswa kuja kwanza. Nimebadilisha, kwa maneno yako yaleyale. Tunaomba radhi kwa yaliyotokea, na utufikishie kwa yule mama. Ukiwa na nafasi, usome mwongozo uliobaki hivyohivyo, ukifanya unaposoma, utuambie wapi umebonyeza mapema. Na ua, tuliache?"

Nilifikiri nikajibu, "Liacheni. Mjomba atauliza."

Jumamosi kwaya ilikuwa na mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu. Nilimpa mama présidente simu. Aliisoma haraka, kisha nikaona anarudi juu na kuisoma polepole, karibu kama mimi.

"'Utufikishie kwa yule mama,'" akasema. "Banajua ni miye?"

"Hapana, mama. Niliandika tu mama mumoja."

"Uliandika na nywele?"

"Ya nywele sikuandika."

Akanirudishia simu. Nilidhani yamekwisha, lakini mama présidente hanunui kitambaa bila kukivuta kwanza kwa mikono miwili. "Muzuri. Sasa tuone kama hiyo sentensi yako inafanya kazi. Nitaendesha miye mwenyewe. Leta karatasi mupya."

Alikaa kwenye kiti changu nyuma ya nguzo, magoti yakigusa ukuta. Sisi wengine tukasimama kumzunguka. Nilikuwa nimeshaweka toleo jipya, na nilikuwa nimeunganisha projekta ionyeshe kila kilicho kwenye kompyuta ili sote tufuate; programu ilipofunguka, ukuta wote wa mbele ukajaa ua jekundu, kubwa, lenye majani ya kijani na tone la umande. Wanakwaya wakasema "Aa." Kiongozi wa kwaya akainua mikono, tayari.

Mama présidente akasoma kwa sauti: "Kwanza funga kila kitu kilicho wazi kwenye kompyuta." Akafunga ujumbe wake. Akafunga bei za vitambaa. Akafunga filamu ambayo mumewe aliiacha katikati. Kisha, bila kusita, akaifunga na programu ya nyimbo. Ua likatoweka. Ukutani ikabaki picha ya mumewe amevaa kofia ya mgodini, anacheka.

"Kisha," akasoma, "bonyeza kitufe cha Onyesha." Kidole chake kikazunguka hewani juu ya kompyuta. "Onyesha iko wapi?"

Mikono ya kiongozi wa kwaya ilianza kushuka.

"Mama," nikasema, "umefunga na programu."

"Karatasi ilisema kila kitu."

Niliitazama karatasi. Ilikuwa sentensi yangu, kila neno langu, na ilisema kila kitu. "Ndiyo, mama," nikasema. "Ilisema."

Nyuma yetu mweka hazina akauliza taratibu, "Karatasi njo ilifunga?"

Watu walicheka wote mara moja, kisha wakaacha wote mara moja. Mama présidente alikaa akiitazama picha ya mumewe ukutani. Niliona bega lake likitikisika, nikafikiri amekasirika, lakini alipogeuka alikuwa anabana midomo kama katika ile picha ya saluni.

"Papa," akamwambia mweka hazina, "kesho matangazo utasoma weye."

Akainuka, akakung'uta kiti kwa kiganja, akanisukumia. "Kaa. Uandikie bale bantu tena. Lakini usipitie ku mujomba."

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje. Mama présidente alikuja na nywele za dhahabu, na bibi wa kiti cha mbele akamshika mkono akamwambia kitu kilichomfanya acheke. Mweka hazina alisoma matangazo kwa muda mrefu mno, akiongeza ya kwake. Mjomba aliingia wakati wa mahubiri, akinuka samaki na vumbi la barabara, akaona ua jekundu limejaa ukutani, na kutoka nyuma ya nguzo nikamsikia akimwambia jirani yake, "Bametupatia. Nilikuambia bana mila."

Simu ilikuwa pajani mwangu. Nilikuwa nimeanza kuiandika upya ile sentensi ya kufunga kila kitu tangu kabla ya Utukufu, na padri alipotupa baraka ya mwisho nilikuwa nimefika kwenye neno "isipokuwa".